Na Mama Mchungaji Atakuwa Nani?

Barua ilisomwa mwishoni, baada ya taarifa ya paa na deni la saruji. Katibu aliikunjua, akaanza na kumbukumbu namba, akaja kwenye tarehe, akapita salamu, ndipo akafika kwenye jina la mchungaji aliyepangiwa usharika wetu. Jina la kike. Akalirudia, maana wazee wawili kati yetu wana masikio mazito. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye mabenchi ya darasa la kipaimara, madirisha wazi, harufu ya dagaa walioanikwa ikipanda kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga.

Hakuna aliyepinga. Kanisa letu lililimaliza jambo hilo miaka mingi iliyopita na katiba iko wazi. Watu walitazama tu sakafu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Ndipo mzee mmoja, mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo, ambaye huwa hasemi mpaka kikao kinakaribia sala ya kufunga, akainua mkono.

"Baba Mchungaji, mimi sina neno. Naomba kueleweshwa tu. Na mama mchungaji atakuwa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Baba Mchungaji, aliyekuwa anahama na ndiye mwenyekiti, akacheka pia, akasema hilo tutaliangalia. Katibu akaandika. Tukafunga kwa sala, tukaenda zetu.

Nimesikiliza ubishi wa wanawake kuwekewa mikono, yaani kubarikiwa kuwa wachungaji, kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye semina, misibani, kwenye daladala za Buhongwa, Mwanza. Nimewasikia wasomi wa Kigiriki na wasiosoma chochote. Sijasikia swali lenye akili kuliko la yule mzee, na nadhani hata yeye hakujua limebeba nini.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa kwamba "mama mchungaji" si mchungaji mwanamke. Ni mke wa mchungaji. Lugha yenyewe haina hatia hapa. Mchungaji, kasisi, askofu, mwinjilisti: hakuna neno hapo linalouliza kama mtu ana ndevu. Kiswahili kilituachia mlango wazi. Sisi wenyewe ndio tuliotengeneza cheo cha pili pembeni ya kile cha kwanza, tukakipa kazi nyingi, na kazi hizo hatukuziandika mahali popote. Nitarudi huko. Kwanza nipitie yale yanayobishaniwa kwa sauti.

Ukizunguka ziwa hili la Victoria utakutana na karibu kila jibu lililopo duniani. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliruhusu mwaka 1990 na wanawake wa kwanza wakabarikiwa mwaka uliofuata, ingawa kila dayosisi ilikwenda kwa mwendo wake, nyingine mbio, nyingine kwa kujikokota. Kanisa Anglikana Tanzania nalo limeziachia dayosisi ziamue. Upande wa Kenya, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, mwenye kiti chake Kisumu, alimpa mwanamke ukasisi mwaka 1983. Mwaka 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huo huo Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa askofu wa Butere. Wasabato, ambao kando ya ziwa hili walianzia Gendia, Kenya, mwaka 1906 na leo wamejaa kutoka Kisii hadi Mara na Mwanza, walikutana San Antonio, Marekani, mwaka 2015 wakaulizwa kama kila divisheni, yaani kila kanda ya kanisa hilo duniani, iruhusiwe kujiamulia. Waliosema ndiyo walikuwa 977, waliosema hapana 1,381. Na hilo ni kanisa ambalo mmoja wa waasisi wake ni mwanamke, Ellen White, ambaye hakuwekewa mikono na mtu lakini alipewa hati za mchungaji aliyewekewa mikono. Wapentekoste wao hawakungoja kikao: Getrude Rwakatare alilijenga kanisa lake pale Mikocheni, Dar es Salaam, akaliongoza mpaka alipofariki mwaka 2020, na waumini walijaa.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema haya ni mambo ya Wazungu, huwa namuuliza ni Wazungu gani. Walutheri wa Latvia, Ulaya kabisa, waliandika kwenye katiba yao mwaka 2016 kwamba uchungaji ni wa wanaume. Waswidi walibariki makasisi wanawake mwaka 1960. Mwaka uliofuata Mswidi Bengt Sundkler akawa askofu pale Bukoba, na jambo hilo hakuja nalo kwenye sanduku. Kukataa nako kulikuja kwa njia ile ile iliyoleta kukubali. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Bukumbi mwaka 1883, wamisionari wa Kiprotestanti wa Africa Inland Mission (AIM) wakachukua kituo cha Nassa mwaka 1909, na hakuna kati yao aliyekuta Wasukuma wana msimamo juu ya Waraka wa kwanza kwa Timotheo.

Huo waraka sasa. "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Wanaoukataa uchungaji wa wanawake husimama hapa, na wana haki ya kusimama, maneno yapo. Shida yangu ni kwamba hakuna kanisa kando ya ziwa hili linaloutii mstari huo. Mwalimu wa watoto Jumapili ni mwanamke. Darasa la ubatizo, mara nyingi mwanamke. Semina ya ndoa, mwanamke, na wanaume wamekaa mbele na daftari. Paulo alikataza kufundisha. Juu ya kuumega mkate hapo hakusema kitu. Tumeruhusu alilolikataza, tukakataza asilolitaja, halafu tunasema tunafuata Maandiko.

Kuna na lile la mwanamke Fibi, ambalo hunikereketa kama mwiba wa sato kooni. Warumi 16, katika Biblia ya Union wengi wetu tuliyokulia nayo, Paulo anamkabidhi Fibi kwa Warumi, "aliye mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea." Neno la Kigiriki pale ni diakonos. Fungua Wafilipi, sura ya kwanza, mstari wa kwanza: neno lile lile, safari hii kwa viongozi wa kanisa, na Kiswahili kinasema "mashemasi". Sitaki kuwasingizia wafasiri. Epafra naye, mwanamume, ameitwa mhudumu katika Wakolosai, na Tikiko pia. Ila hao wanaitwa wahudumu wa Kristo, wahudumu katika Bwana. Fibi anatajwa kwa kanisa lake, kwa mji wake, kama mtu mwenye nafasi inayojulikana. Na neno mhudumu limeendelea kutembea tangu Biblia ile ilipotoka. Leo mhudumu ni yule anayekuletea ugali na samaki pale Kirumba na kukuuliza kama utaongeza pilipili. Msomaji wa Warumi 16 anamwona Fibi na sinia. Mstari wa saba unamtaja Yunia, jina la kike, "maarufu miongoni mwa mitume", na huyo tunampita kwa kasi zaidi.

Sidai kwamba Fibi anafunga mjadala. Andiko la Paulo lina ncha mbili: katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 11, anaweka masharti ya mwanamke anapohutubu, yaani anahutubu, na sura ya 14 anasema wanyamaze. Mtu mwaminifu akizisoma zote mbili atatoka na unyenyekevu kidogo. Ninachodai ni kwamba aliyeshika mstari mmoja asijifanye ameshika Biblia nzima.

Kwa Wakatoliki lazima niseme tofauti, kwa sababu wengi wa upande wangu huwashambulia bila kuwasikiliza. Hoja yao haisimami kwenye Timotheo. Wanasema Yesu aliwachagua wanaume kumi na wawili, kwamba padre altareni anasimama kwa nafsi ya Kristo, na kwamba Kanisa halina mamlaka ya kubadilisha lililopokelewa. Yohane Paulo wa Pili aliliandika hivyo Mei 1994: halina mamlaka. Hakusema wanawake hawafai. Wenyewe watakukumbusha kwamba Bikira Maria wanamweka juu ya mitume wote na hakuwa padre. Unaweza kuikataa hoja hiyo, mimi naikataa, lakini imejengwa, ina msingi na kuta. Mprotestanti asiyeamini kwamba mchungaji ni kuhani wa sadaka, anayehubiri kila mwaka kwamba waamini wote ni makuhani, hawezi kuiazima. Akiiazima anakaa kwenye nyumba ya jirani huku anamsema jirani.

Na hata huko Ukatoliki, nenda vigangoni. Jumuiya ndogo ndogo zinaongozwa na akina nani? Papa Fransisko mwaka 2021 aliufungua rasmi usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake. Kwa akina mama wengi wa kanda hii hiyo ilikuwa karatasi ikifika baada ya kazi.

Shangazi yangu alikuwa mwinjilisti kisiwani, upande wa Ukerewe, katika kanisa ambalo sitalitaja. Alikwenda pale akiwa mjane wa miaka arobaini na kidogo. Alifundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, alizika watu, alikaa na waliofiwa na wavuvi, alipatanisha wenye mitumbwi na vibarua wao. Meza ya Bwana hakuigusa. Kwa hiyo ilingoja mchungaji, mara moja kwa miezi mitatu, kwa boti ya injini.

Nilikuwepo Jumapili moja ambayo upepo ulikataa. Shangazi alikuwa ameamka saa kumi, amepiga pasi ya mkaa kile kitambaa cheupe, amekitandika, amepanga vikombe vidogo kwenye sinia lake, amefunika. Watu walikuja wamevaa. Wengine walikuwa wamefunga tangu jana yake. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, mawimbi yakipiga mawe pale chini. Saa saba kijana akaja na simu: boti imegeuza. Shangazi alisimama mbele, akaongoza wimbo, akahubiri yeye, mahubiri mazuri kuliko ambayo tungeyapata, nasema kweli. Kisha akaenda mezani, akafunua, akavirudisha vile vikombe kimoja kimoja kwenye boksi lake, vikavu, mbele ya watu mia moja na kitu. Mama mmoja mzee, ambaye alikuwa mgonjwa na tulimzika kabla boti haijarudi, alikuwa amekaa benchi la pili. Nilimuuliza shangazi jioni ile kama haoni uchungu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimewekwa nichunge. Kuchunga nimechunga." Akaendelea kuchambua mchele.

Kila mtu pale kisiwani alimwita Mwalimu. Hakuna aliyetilia shaka kwamba Mungu anamsikia.

Ndiyo maana siafiki kabisa wanaosema watu wetu hawawezi kumkubali mwanamke katika mambo ya roho. Usukumani waganga wanawake wamekuwepo siku zote na wanaume wamesafiri mbali kuwafuata. Upande wa kiza wa jambo hilo tunaujua pia, na unatutia aibu: vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Jamii inayomuua bibi kwa kumwogopa haijawahi kuamini kwamba mwanamke hana nguvu za roho. Inaamini anazo nyingi mno.

Mfano wa karibu zaidi uko majini. Kuna wanawake wengi hapa wanaomiliki mitumbwi. Wananunua nyavu, wanalipa mafuta, wanasubiri alfajiri na ndoo. Lakini mwiko wa wavuvi unasema mwanamke asipande mtumbwi kwenda kuvua, atafukuza samaki. Mali ni yake, hasara ni yake, hesabu anaijua. Mguu wake tu ndio usiguse ubao. Huwa nawaza kanisa ninapousikia mwiko huo.

Sasa nirudi kwa yule mzee.

Usharika wa kawaida hapa kwetu unalipa mtumishi mmoja, mchungaji, na posho yenyewe huchelewa. Lakini unapata wawili. Wa pili ni mke wake. Mama mchungaji ndiye anayekaa na funguo za chumba cha wageni. Mkuu wa jimbo akija na ujumbe wake, jiko ni la mama mchungaji. Siku ya mavuno, yeye ndiye anayejua nani alileta kuku na nani alisema atamleta. Binti wa kwaya akipata mimba, anakwenda kwanza mlango wa nyuma, si ofisini. Nguo za madhabahuni anafua yeye. Umoja wa wanawake anauongoza au anakaa pembeni ya anayeuongoza, jambo ambalo ni gumu zaidi. Mchungaji akiwa safarini, watu wanaobisha hodi usiku wanafunguliwa na yeye. Nimekuwa kwenye baraza la wazee mihula miwili, nimeipitia bajeti mstari kwa mstari, kuna fungu la mlinzi, kuna fungu la mafuta ya jenereta. Mama mchungaji hana fungu.

Katika huo mpango wote, hakuna theolojia hata chembe. Ni utaratibu wa nyumba. Na ndio tuliouacha kama ulivyo siku tulipopiga makofi kwamba wanawake wanabarikiwa.

Mlete mchungaji mwanamke kwenye nyumba ile. Ana mume. Mume ni mwalimu wa hesabu, au fundi wa majokofu, au anafanya biashara Geita na kurudi Ijumaa. Hakuna anayemtarajia afue vitambaa vya meza. Hakuna anayemwita baba mchungaji, kwa sababu jina hilo lina mwenyewe tayari: baba mchungaji ni mchungaji. Kwa hiyo kazi za mtumishi wa pili zinabaki bila mtu. Ama mchungaji atazifanya yeye juu ya zake, ahubiri saa mbili na saa nane awe jikoni anagawa pilau, ama hatazifanya, na ndani ya mwaka mmoja utasikia maneno: usharika umepoa, wageni hawapokelewi, akina mama wametawanyika. Watasema ni kwa sababu ni mwanamke. Kwa namna fulani watakuwa wamesema kweli, ingawa sababu siyo wanayoidhani.

Ofisi za juu hulijua hili bila kulitamka, na nadhani ndiyo sababu ya mtindo ambao mtu yeyote mwenye macho ameuona. Mwanamke anabarikiwa, picha zinapigwa, halafu anapangiwa shule ya sekondari kufundisha dini, au uchaplensi wa hospitali, au dawati la wanawake na watoto, au anakuwa msaidizi kwenye usharika mkubwa wa mjini wenye mchungaji kiongozi mwanamume. Kazi njema zote. Lakini usharika wa pembezoni, wenye nyumba yake, mitaa yake minne na ugomvi wake wa shamba, unakwenda kwa kijana aliyemaliza chuo juzi, mwenye mchumba. Tena huulizwa harusi lini, na swali hilo si la mapenzi.

Wenzangu tunaounga mkono tuna lawama yetu. Tumezoea kutaja mwaka 1990 kama watu wanaotaja ushindi wa mpira. Siku hizi tumeongeza na hoja ya Rais: kama Samia anaongoza nchi, mwanamke atashindwaje kuongoza usharika? Siipendi hoja hiyo. Kanisa halipati maagizo yake Ikulu, na siku nchi ikirudi kwa Rais mwanamume, je, tuwarudishe wachungaji nyumbani? Inatuondolea tu kazi ngumu zaidi, ya kukaa na kuandika: nani anapokea wageni, analipwa nini, mchungaji akijifungua nani anashika mimbari kwa miezi mitatu, mume wake mwenye ajira ya serikali anaombewaje uhamisho. Mambo ya karatasi na kalamu. Hayana upako wowote na ndiyo yanayoamua.

Mchungaji wetu alifika Januari na lori dogo, watoto wawili, mume na mashine ya kushonea. Jumapili ya kwanza mapokezi yalikuwa makubwa, khanga zilitandikwa chini kutoka getini. Wiki ya tatu tulipata ugeni wa jimbo. Saa tano usiku wa kuamkia siku hiyo mtunza hazina alinipigia simu, sauti ya chini kama mtu aliyeibiwa: chumba cha wageni kimefungwa, funguo hazijulikani zilipo, na kuku hawajachinjwa. Nilimuuliza amemwambia nani. Akasema hajamwambia mtu, alijua tu kwamba huwa vinakuwa tayari.

Kwenye muhtasari wa kikao kile cha barua, katibu aliandika hivi, nanukuu kama ilivyo: "Suala la Mama Mchungaji: litaangaliwa." Tumekaa vikao vinne tangu hapo. Kila tukianza, linasomwa kwenye yatokanayo, kati ya deni la saruji na taa ya getini, na kila mara watu wanacheka kidogo, na mchungaji, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, anangoja kicheko kiishe. Kikao kilichopita hakungoja. Alivua miwani, akamgeukia yule mzee mvuvi, akasema, "Mzee wangu, wewe ndiye uliyeuliza. Hebu tuanze kuorodhesha. Kazi ya kwanza ni ipi?"

Mzee akafikiri. Akasema, "Funguo."

Katibu akachukua karatasi mpya.